Nilimsema mwanafunzi mbele ya mama yake mdogo

"Shangazi, nina miezi mitatu tangu nianze kazi ya ualimu katika jamii ndogo ambako kila mtu anamfahamu mwenzake isipokuwa mimi. Siku moja, katika ofisi ya walimu, nililalamika kwamba mwanafunzi wangu mmoja huchelewa kila siku kwa sababu kwao hawajali, kumbe mwalimu aliyeketi kando yangu ni mama yake mdogo. Wiki iliyofuata nilimpokea mzazi mmoja kwa kumwita bibi wa mtoto, naye akanijibu kwamba ndiye aliyemzaa. Siku hizi nikitoka darasani hujifungia ndani, na nasikia watu wakisema kuwa ninajidai. Je, niombe uhamisho?" – Mwalimu Mgeni

Mwanangu Mwalimu Mgeni,

Pole sana. Mtu asiyewajali watu hasumbuliwi na maneno aliyoyasema miezi iliyopita, na kwa hilo tu nina imani nawe.

Makosa yako mawili hayana uzito mmoja. La kumwita mama bibi ni la macho; mwombe radhi kwa sentensi moja utakapomwona tena, kisha uzungumzie maendeleo ya mtoto wake, kwa maana ukilirudia rudia utamlazimisha akufariji wewe. Tangu sasa, anayekuja kuulizia mtoto muulize kwa upole, "Wewe ni nani wake?" Swali hilo halimkeri mtu, nalo litakufunza undugu wa watu wa hapo haraka kuliko daftari lolote la shule.

Lile la ofisini ndilo linalonihuzunisha, na si kwa sababu mama mdogo alikuwepo. Hata asingekuwepo, ulikuwa umeihukumu nyumba ambayo hujaifika. Mahali padogo kama hapo, mzazi wa mwanafunzi ndiye huyo huyo jirani yako, ndiye ndugu wa mwalimu mwenzako, na pengine ndiye mjumbe wa kamati ya shule, kwa hiyo neno lililotamkwa ofisini halilali ofisini. Mwendee mwalimu huyo mkiwa wawili tu, wala usimtume mtu akusemee. Mwambie kwamba ulisema jambo usilolijua na kwamba umekosa, kisha unyamaze umsikilize, hata akikujibu kwa ukali. Usimwambie kuwa hukujua uhusiano wao, kwa sababu atasikia kwamba ungelirudia neno hilo kama asingekuwa ndugu. Akishatulia, muulize ni nini hasa kinachomchelewesha mtoto. Huenda huamka alfajiri kumhudumia mgonjwa, huenda hutembea mwendo mrefu, au huenda ni uzembe kweli. Vyovyote iwavyo, utakuwa na la kumsaidia, nalo ndilo lililopaswa kukushughulisha tangu mwanzo.

Ama kuhusu kujifungia ndani, nakusihi uache. Najua unakimbia aibu nyingine, lakini walio nje hawaioni aibu hiyo. Wanachokiona ni mlango uliofungwa na mgeni apitaye bila salamu, na wasipopata maelezo kutoka kwako watajitungia ya kwao. Huhitaji kuwa mcheshi wala kuhudhuria kila mwaliko. Toka jioni, salimia uwatangulie wanaokuzidi umri, simama kidogo usikie habari zao, na mwanafunzi ukikutana naye mwite kwa jina mbele ya wazazi wake, kwa kuwa mzazi hufurahi sana kujua kwamba mwanawe anatambulika. Mzazi akikuuliza njiani kuhusu alama au tabia, mkaribishe shuleni mketi mzungumze, maana njiani kuna masikio mengi, na habari za mtoto wa mtu ni amana.

Uhamisho usiuombe sasa. Ukiondoka wakati huu, utawaachia picha ya mwalimu aliyewadharau, nawe utaibeba hofu hii hadi kituo kingine chenye undugu wake usioujua. Maliza mwaka wa masomo kwanza, kisha uniandikie tena. Ila kwa mama mdogo nenda wiki hii, kabla hujazoea kumkwepa.

Shangazi