Umeuliza mguu, mimi naanza na watoto

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Kibosho. Jumamosi nilitoka kilabuni saa tatu usiku, nimekunywa mbege tangu saa kumi. Baridi ya Julai unaijua. Nikabeba jiko la mkaa kutoka jiko la nje nilipeleke chumbani tunakolala na watoto. Nikajikwaa kwenye kizingiti, makaa yakamwagika, kaa moja likaingia kati ya ndala na mguu. Nikalikung'uta, nikayazoa mengine, jiko likaingia ndani, tukafunga mlango. Mke wangu alinipaka dawa ya meno. Sikusikia maumivu ya maana, nikalala. Asubuhi mguu umevimba, una malengelenge, na katikati pana sehemu nyeupe ambayo hata nikiibonyeza haiumi. Watoto nao waliamka wanalia kichwa, nadhani ni baridi. Je, nitumbue malengelenge? Na pale pasipouma, si ndipo panapopona?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumatano na jioni hiyohiyo nilikupigia simu, kwa hiyo wewe majibu unayo. Haya nawaandikia wenzako wa Kibosho, Machame, Marangu na kote ambako usiku wa Julai jiko huingizwa ndani.

Kichwa cha watoto hakikunipa usingizi. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo kama moshi wa kuni, ndiyo maana watu huona mkaa uliokolea ni salama. Ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni. Kichwa huuma, moyo huchafuka, mwili hulegea, na aliye usingizini anaweza asiamke kabisa. Mtu aliyekunywa huwa na dalili hizohizo kwa sababu ya pombe, basi hashtuki. Mkiamka hivyo nyote, tokeni nje kwanza, fungueni milango na madirisha, kisha nendeni hospitali na mseme wazi kwamba mlilala na jiko.

Sasa mguu. Pale pasipouma ndipo palipoungua zaidi. Moto umeshuka mpaka umeua mishipa ya fahamu, na ngozi ya namna hiyo, nyeupe au ngumu kama gamba, inahitaji daktari siku hiyohiyo. Malengelenge usiyatumbue, ile ngozi ya juu ni kifuniko kisafi kuliko kitambaa chochote ulicho nacho nyumbani. Uliza na sindano ya pepopunda. Mwenye kisukari asisubiri hata asubuhi.

Mbege ilikuponza mara mbili: ilikuyumbisha kizingitini, halafu ikakufichia maumivu. Mtu mzima wa akili angeruka na kukimbilia maji. Wewe ulizoa makaa. Kilichotakiwa dakika ile ni kuvua ndala na kumwagia mguu maji safi ya baridi, kikombe baada ya kikombe, kwa dakika 20. Ukichelewa bado yanasaidia ndani ya muda wa saa tatu tangu kuungua. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, ni baridi kweli, lakini si safi. Tumia ya bomba. Barafu hapana. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata.

Mkeo alifanya alichofundishwa, usimlaumu. Ila nimekaa wodini miaka 22, na naomba mniamini: dawa ya meno, yai bichi na mafuta ya kupikia tunaanza kwa kuvibandua, mgonjwa akipiga kelele, ndipo tuone kidonda. Yai bichi huleta na vijidudu vyake.

Sikukatazi kukaa na wazee wenzako Jumamosi. Ninalokukataza ni kugusa jiko ukitoka huko. Awashe na kuliangalia asiyekunywa, na makaa yasidhaniwe yamezima kwa kuwa yamevaa majivu. Chini ya majivu moto hukaa saa nyingi.

Mkeo aliniambia kwenye simu kwamba jiko sasa linabaki nje na watoto wanalala na blanketi mbili, wamevaa masweta ya shule. Na iwe hivyo mpaka baridi iishe. Wiki ijayo nitakupigia tena kuuliza kidonda.