Kabla ya kutaja dawa: kwa wadogo zangu mnaoanza kutibu mifugo kwa simu

Wadogo zangu mliojiunga nasi mwezi huu,

Jumanne iliyopita niliketi nyuma ya meza ya zamu tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, nikiwatazama mnavyowajibu wafugaji. Iliingia picha ya mbuzi aliyelala, na kabla mwenye mbuzi hajamaliza kuandika maelezo yake, mmoja wenu alikwisha kumtumia jina la dawa pamoja na idadi ya mililita. Sikusema neno mbele ya wenzenu, kwa sababu kosa hilo ninalifahamu kwa undani kuliko mnavyodhani, na nimeona heri niliandike. Chuo kimewafunza vyema na mikono yenu ni mizuri. Nimewaona mkitafuta mshipa kwa ndama aliyekaukiwa maji na nikafurahi. Lakini kliniki ya chuo humweka mnyama mbele yenu, ilhali hapa aliye mbele yenu ni mtu anayemtazama mnyama kwa macho yake mwenyewe na kuwasimulia kwa maneno yake mwenyewe.

1. Maswali hutangulia dawa. Ulizeni umri, uzao wa ngapi, alizaa lini, ana mimba ya miezi mingapi, amebadilishiwa chakula lini, wangapi wanaumwa bandani na kwa jirani, na zaidi ya yote, amekwisha kuchomwa sindano gani na nani. Hilo la mwisho wafugaji hulificha kwa aibu, kwa hiyo liulizeni kwa upole, na mliulize mara mbili.

2. Neno "homa" si kipimo. Hapa nawaomba mnivumilie, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, katika vijiji vya milima ya Usambara, ambako safari ya bonde hadi bonde huhesabiwa kwa saa na si kwa kilomita. Usiku mmoja wa masika, barabara ikiwa haipitiki hata kwa bodaboda, alinipigia mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian. "Mwanangu," alisema, "ng'ombe ana homa, hataki kuamka tangu alasiri." Nilimwomba mjukuu wake anitumie video, ikaja ya sekunde 20, imepigwa kwa mwanga wa tochi: ng'ombe amelalia kifua, shingo ameikunja na kichwa amekielekeza ubavuni, pua imekauka. Juma lile nilikuwa nimetibu ndigana kali, ugonjwa wa homa unaoletwa na kupe, katika mabanda mawili ya majirani zake, na kupe walikuwa wengi, kwa hiyo akili yangu ilifika kwenye jibu kabla video haijafika mwisho. Sikuuliza jotoridi, kwa kuwa mama alikwisha kusema homa. Sikumwomba ayashike masikio, wala sikumwuliza ng'ombe alizaa lini. Nilimpigia msaidizi wa mifugo aliyeishi kijijini hapo, nikamwelekeza achome buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, kwenye msuli wa shingo, na kwa kuwa niliihofia ndigana baridi pia, ugonjwa mwingine wa kupe, nikamwambia aongeze antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya asilimia 10 kwenye mshipa. Kisha nikalala, tena usingizi mzuri.

Ng'ombe alikufa kabla ya alfajiri. Nilifika kwa miguu kiasi cha saa tatu asubuhi, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ndama amefungwa kwenye mgomba, kitovu chake bado kibichi, akilia. Mama yake alikuwa amezaa alfajiri ya siku iliyotangulia, uzao wa nne, na alikuwa mkamuliwa mzuri. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaifungua ile video upya. Katikati yake, nyuma ya sauti ya mjukuu anayeshika tochi, ndama analia waziwazi. Usiku nilikuwa nimeitazama video hiyo mara tatu bila kuisikiliza hata mara moja.

Ilikuwa homa ya maziwa. Kwa mama yule, kama kwa bibi zetu wote, homa ni maradhi yoyote yanayomlaza kiumbe, na hakusema uongo. Sisi wenyewe tumeliita hivyo tatizo ambalo mnyama hupoa, masikio yake yakawa baridi na kipimajoto kikashuka chini ya nyuzi 38, kwa sababu kalsiamu ya damu imekimbilia kwenye maziwa siku mbili tatu baada ya kuzaa. Kalsiamu ikipitishwa mshipani polepole, huku mtu anausikiliza moyo, ng'ombe wengi wa namna hiyo husimama ndani ya saa chache. Mimi niliagiza oksitetrasaiklini mshipani, dawa ambayo hushikana na kalsiamu, maana yake nilimpunguzia hata ile kidogo aliyobakiwa nayo. Msaidizi alifanya alichoambiwa na alikifanya vizuri.

Yule mama hakunilaumu. Alinipa uji na kusema ni mipango ya Mungu. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakimlipia mjukuu mahitaji ya shule, nami nilijua hivyo nilipokuwa nikinywa uji wake. Ilinichukua wiki mbili kurudi na kumweleza kwamba mipango ile ilikuwa na mkono wangu ndani yake, na wiki hizo mbili bado zinaniuma kuliko usiku wenyewe. Nilimpelekea kipimajoto nikamfundisha kukitumia: kukung'uta, kupaka mafuta, kugusisha ncha kwenye ukuta wa utumbo na si kwenye kinyesi, kusubiri dakika mbili. Tangu siku hiyo hakuna mfugaji wangu asiyekuwa nacho. Ng'ombe mkubwa mwenye afya husoma kati ya 38 na 39.3, na mpaka mpewe tarakimu, msiandike homa popote kwenye daftari la wagonjwa.

3. Mikono ya mfugaji ndiyo mikono yenu. Mwambieni akandamize ngumi ubavuni kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, na ahesabu tumbo linavyoisukuma ngumi kwa dakika mbili. Apapase tezi chini ya sikio na mbele ya bega, aseme kama ni ukubwa wa limao au wa yai. Ashushe kope ya chini mwone rangi ya utando. Kuhusu rangi, balbu na taa za sola hudanganya vibaya. Nimewahi kuletewa picha ya jicho la njano kama nyongo imepasuka, na asubuhi yake, nje ya banda, jicho lile lile lilikuwa la waridi kabisa. Siku hizi naomba karatasi ya daftari iwekwe kando ya jicho: karatasi ikionekana njano, basi njano ni ya taa.

4. Uzito haukisiwi kwa picha. Kamba ya katani izungushwe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ifungwe fundo, kisha ipimwe kwa futi ya fundi cherehani, nanyi msome kilo kwenye jedwali.

5. Kifo cha ghafla hakina ushauri wa kuchuna. Mkiletewa habari ya mnyama aliyekutwa amekufa, hakukakamaa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, neno la kwanza kutoka kinywani mwenu liwe "msimguse". Msiombe picha ya bandama, kama alivyofanya mwenzenu mmoja mwaka juzi kwa shauku ya kujifunza. Nilimnyang'anya simu mkononi, na sikujutia ukali ule, kwa sababu mwenye mzoga alikuwa amekwisha kushika kisu. Hizo ni dalili za kimeta, na vimelea vyake vikipata hewa hujifunika ganda na kukaa kwenye udongo miaka mingi, na atakayepasua ndiye atakayelazwa wa kwanza. Piga kwa daktari wa mifugo wa wilaya papo hapo, mzoga ulindwe dhidi ya mbwa, watu waliougusa waende zahanati. Vivyo hivyo mimba zikitoka kwa wingi kundini baada ya mvua kubwa: huenda ni Homa ya Bonde la Ufa, ambayo humwambukiza na mtu. Mlipuko wake wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 hapa Tanzania, na mfugaji anayevuta kondo kwa mikono mitupu kwa maelekezo yenu ameingia hatarini kwa neno lenu. Mtakaopangwa kwenye ufuatiliaji wa magonjwa mtaikuta programu ya AfyaData, iliyobuniwa na wenzetu wa SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Itumieni, lakini taarifa ya programu isiwazuie kupiga simu.

6. Muda wa kutokunywa maziwa na kutokula nyama baada ya dawa uandikwe kwa ujumbe, usitamkwe tu.

7. Kuna yasiyotibika kwa simu. Ndama aliyekwama, tumbo lililojaa gesi hadi mnyama anahema kwa mdomo, mfupa uliovunjika na ng'ombe yeyote aliyelala baada ya kuzaa ambaye hakuna mtu wa kumpitishia kalsiamu ni safari, hata ikiwa usiku. Nyinyi wenye astashahada, ambao Baraza la Veterinari limewaandikisha kufanya kazi chini ya daktari, niamsheni. Sijawahi kumkasirikia mtu aliyeniamsha.

Ujumbe wa kumjulia mgonjwa hali hutumwa kesho yake asubuhi, hata kama mfugaji amenyamaza, kwani mara nyingi mfugaji mwenye ng'ombe aliyekufa ndiye hunyamaza.

Orodha ya maswali ya namba 1 nimeibandika ukutani juu ya chaja, na vipimajoto vya kuwagawia wafugaji wapya vimo kwenye droo ya chini, kumi na viwili. Yule mwenye mbuzi wa Jumanne nilimpigia mwenyewe jioni. Mbuzi wake alikuwa amekula pumba nyingi za mahindi gunia lilipopasuka, hakuwa na homa hata kidogo, na ile sindano mliyomwandikia alikuwa bado hajainunua.