Uvimbe nyuma ya tonsesi: msitoboe kabla ya picha

Mkuu, ile safari ya Jumamosi kumpeleka shemeji yako Tukuyu "akatolewe usaha" ifute leo leo. Umeuliza mambo matatu: nani anatoboa vizuri, bima inalipa nini, na ale nini. Nashika hilo la kutoboa.

Umeandika mwenyewe: uvimbe upande mmoja nyuma ya tonsesi, juu laini, rangi ya kawaida, hauumi, hana homa, na sikio la upande huohuo limeziba huu mwezi wa pili. Jipu gani hilo lisilouma miezi miwili? Jipu la pembeni ya tonsesi huja kwa siku chache tu, na homa, mate hayamezeki, mdomo haufunguki hata kijiko kupita ni kazi. Ukiona hayo, au pumzi inakwaruza akiwa macho, ni hospitali usiku huohuo. Wa kwenu inaelekea ana kitu kilichoota chini ya utando kinachousukuma kutoka nyuma. Ndiyo maana kwa juu panaonekana pazima.

Kosa hilohilo limenigharimu, ndiyo maana sina salamu. Aliyenishauri vibaya alikuwa na koti jeupe, kujiamini kwingi na tochi ya simu. Kwanza baridi ya Makete ikasingiziwa, kisha kimeo, kisha "toboa tu kidogo". Kidogo!

Ukipitisha sindano au kisu mdomoni gizani, haya ndiyo yanayoharibika. Nyuma ya ukuta ule, kwa pembeni, unapita mshipa mkubwa wa damu wa kwenda kichwani. Kuna uvimbe unaotokana na mishipa ya damu yenyewe, na mwingine unausogeza mshipa huo mbele hadi ukawa chini ya kidole chako. Kwa kijana wa kiume anayetoka damu puani na tundu moja kuziba, kinyama cha kupima maabara kikikatwa bila maandalizi damu inaweza isisimame. Halafu kuna uvimbe wa tezi za mate, ambao mara nyingi si saratani. Ganda lake likipasuka, seli humwagika, na miaka baadaye unaweza kurudi vipande vipande. Hapo umechukua kitu ambacho kingetolewa kizima ukakipanda kama viazi vya Njombe.

Na ukinusurika na damu, majibu yenyewe yanaweza kukudanganya. Saratani ya nyuma ya pua mara nyingine hutambaa chini ya utando. Ukikwangua juu, maabara inapokea utando usio na ugonjwa na kuandika "hakuna saratani", nanyi mnarudi nyumbani mnashukuru Mungu. Kinyama lazima kitoke ndani, na picha ndiyo inayoonyesha pa kuchukulia. Ukikata kwanza, damu na uvimbe wa kidonda huichafua hata hiyo picha utakayopiga baadaye.

Kwa hiyo anzeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mwombe daktari wa masikio, pua na koo. Apitishe kamera puani aangalie mpaka kwenye mdomo wa mrija wa sikio. Uvimbe ukikaa pale, maji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio, na dawa ya matone haifiki huko hata ukimaliza chupa kumi. Mtu mzima mwenye sikio moja lililojaa maji wiki kadhaa haachwi bila kuangaliwa nyuma ya pua. Apapase shingo pia, hasa chini ya sikio na nyuma ya msuli mkubwa.

Kisha ndiyo picha yenyewe: CT, ile ya eksirei inayoonyesha mwili vipande kwa vipande, yenye dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, kuanzia sakafu ya fuvu hadi mfupa wa mtulinga. MRI, picha ya sumaku, ikipatikana, nyama laini huonekana vizuri zaidi. Kabla ya dawa hiyo apime kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na aseme kama ana mzio. Msomaji wa picha aulizwe jambo moja: mshipa mkubwa umesukumwa mbele au nyuma? Ukiwa nyuma, mara nyingi ni tezi ya mate. Ukiwa mbele, fikirieni neva au mishipa ya damu, na hapo hata sindano nyembamba ya kunyonya seli isubiri daktari mpasuaji aone picha.

Ikithibitika ni saratani ya nyuma ya pua, tiba yake kuu ni mionzi, mara nyingi pamoja na dawa za saratani za mshipani, na hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wanaifanya. Msibebe karatasi ya majibu peke yake, chukueni na CD ya picha. Bila CD wanaweza kupiga upya, na nauli ya Mbeya hadi Dar unaijua.