Kufundisha kuzamia katika elimu ya viungo: kina kifupi hakimlindi mwanafunzi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama unaweza kuanzisha mafunzo ya kuzamia, kwa pumzi moja iliyobanwa na kwa mtungi wa hewa, katika vipindi vya elimu ya viungo, kwa kuwa bwawa lenu lina kina cha mita 3.5 tu, wanafunzi wako wanaogelea vizuri, na wewe mwenyewe una cheti cha mzamiaji. Nimefundisha somo hilo kwa miaka 14, mitano ya kwanza bila mtungi hata mmoja, na jibu langu ni kwamba inawezekana. Hata hivyo, hiyo sababu ya kwanza uliyoitoa nakuomba uiondoe kabisa kabla hujaagiza kifaa chochote.

Juu ya maji tunabeba shinikizo la angahewa moja, na kila mita 10 za kushuka huongeza angahewa moja nyingine. Anayeshuka kwa pumzi hadi mita 10, hewa iliyo mapafuni mwake hubaki nusu ya ujazo wake. Akiendelea hadi mita 20, hubaki theluthi. Utaona kwamba badiliko kubwa kuliko yote liko katika mita za mwanzo, yaani zile zile za bwawani. Sasa mchukue mwanafunzi aliyejaza mapafu yake kwa hewa ya mtungi akiwa sakafuni, kisha akafunga koo na kupanda: hewa ile hutanuka, na haina pa kutokea. Kupanda mita moja na nusu hivi kwa mapafu yaliyojaa kunatosha kuyachana na kupenyeza viputo kwenye damu, na viputo hivyo vikifika ubongoni mtu hupoteza fahamu mbele ya macho yako. Kwa hatari hiyo, bwawa lenu si salama kuliko bahari.

Ugumu wa kazi yetu unaanzia hapo, kwa sababu tunafundisha mambo mawili yanayopingana. Katika kuzamia kwa pumzi, mwanafunzi hujifunza kuifunga pumzi yake mpaka arudi juu. Katika kuzamia kwa mtungi, asiifunge hata kwa sekunde moja. Mazoea yana taabu, na nimeona kwamba anayehitaji kuangaliwa zaidi siku ya kwanza ya mtungi si yule mwoga, bali yule hodari wa kuzamia kwa pumzi, kwa kuwa mwili wake umekwisha kufundishwa kwamba jambo likienda vibaya chini ya maji, dawa ni kubana pumzi na kupanda.

Nina mfano mmoja ambao huwasimulia wasaidizi wangu wote. Kijana aliyekuwa bora darasani alikuwa amepiga magoti kwenye kina cha mita mbili, akifanya zoezi la kutoa maji ndani ya miwani ya kuzamia. Maji yalimwingia puani. Macho yalimtoka, lakini nilichokiona kwanza ni kwamba viputo vilikoma kutoka kwenye regyuleta yake, kile kifaa cha mdomoni kinachompa hewa ya mtungi. Mara akakita miguu yote miwili sakafuni ili ajisukume juu. Mkono wangu ulikuwa umeshika mkanda wa jaketi lake tangu kabla ya zoezi kuanza, nami nikamzuia, nikamwonyesha kwa kidole mdomo wangu uliokuwa ukitoa viputo, naye akapuliza. Tulipanda pamoja taratibu, akitoa hewa njia nzima. Kama ningekuwa nimekaa mita moja tu mbali naye, nisingemuwahi. Tangu siku hiyo, katika vipindi vya kwanza vya mtungi ninakuwa na wanafunzi wawili tu ndani ya maji kwa mwalimu mmoja, na baadaye wasiozidi wanne, hata kama wengine wanangoja ukingoni na ratiba ya shule inalalamika. Nawaagiza wasaidizi watazame viputo kabla ya kutazama macho. Pia kila mwanafunzi wangu hupitia juma zima akifanya jambo moja kwenye kina cha kusimama: regyuleta inapotoka mdomoni, kwa sababu yoyote ile, midomo iendelee kutoa viputo vidogo mfululizo mpaka irudi au mpaka kichwa kitoke majini. Zoezi hilo linachosha, na sijawahi kulipunguza.

Tangu Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza regyuleta yao mwaka 1943, kupumua chini ya maji kumekuwa rahisi kiasi cha kumhadaa mwalimu. Ndani ya dakika 20 mwanafunzi anaonekana mzamiaji kamili, ilhali bado hajakutana na tatizo hata moja. Ndiyo maana naanza na kuzamia kwa pumzi, ambako miwani, mrija na mapezi hufundishwa mpaka viwe kama sehemu ya mwili, ingawa nako kuna hatari yake, na kwetu sisi walimu wa elimu ya viungo hatari hiyo inatokana na kupenda kupima. Tumezoea saa ya kupimia muda, urefu, na nafasi ya kwanza hadi ya tatu.

Miaka yangu ya mwanzo niliandika ubaoni majina ya wanafunzi na urefu ambao kila mmoja aliogelea chini ya maji kwa pumzi moja. Msichana mmoja alisimama ukingoni akahema kwa nguvu, haraka haraka, mara 15 hivi, akazama, akageuka vizuri ukutani, na mita chache baadaye miguu yake ikaacha kupiga maji. Hakutapatapa wala hakunyoosha mkono. Aliendelea kuteleza taratibu, uso chini, na wenzake waliendelea kumshangilia wakidhani ni ufundi. Mwokoaji alimtoa ndani ya sekunde chache, akaanza kupumua mwenyewe, na hospitalini walimruhusu siku iliyofuata. Nilifuta ubao ule, na sijaandika mwingine.

Kilichompata kinaeleweka vizuri. Kinachotusukuma kuvuta pumzi ni kuongezeka kwa hewa ukaa mwilini zaidi kuliko kupungua kwa oksijeni. Anayehema sana kabla ya kuzama huitoa hewa ukaa kwa wingi, lakini haongezi oksijeni ya maana, kwa kuwa damu ilikuwa karibu imejaa tayari. Kwa hiyo kengele ya kumwonya huchelewa kulia, na oksijeni huisha kwanza. Huzimia bila kuhisi dhiki yoyote, na aliyezimia majini hana muda mrefu. Kwangu sheria ni pumzi mbili za taratibu kabla ya kuzama, mapumziko juu ya maji yasiyopungua mara mbili ya muda aliokaa chini, na wenza wawili wawili, mmoja chini na mwingine juu akimtazama mwenzake tu. Mwokoaji wa ukingoni hafundishi wala hajazi daftari. Alama natoa kwa kusawazisha masikio, yaani kulinganisha shinikizo la ndani ya sikio na la maji, kutoa maji kwenye mrija na miwani, kumlinda mwenza, na kwa mwanafunzi anayesema mwenyewe kwamba leo hayuko sawa. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Masikio yasawazishwe tangu nusu mita ya kwanza, kabla ya maumivu, kwa kubana pua na kupuliza kwa upole. Yakikataa, mwanafunzi apande kidogo ajaribu tena, asilazimishe. Mwenye mafua abaki ukingoni bila kukatwa alama. Vizibo vya masikio ni marufuku, na miwani ya kuogelea isiyofunika pua haifai kuzamia, kwa sababu hakuna njia ya kupuliza hewa ndani yake na macho hufyonzwa.

Kuhusu afya, usitosheke na swali la jumla darasani. Kila mmoja ajaze fomu pamoja na mzazi, na mwenye pumu, kifafa, maradhi ya moyo, historia ya pafu kusinyaa au upasuaji wa sikio aonwe na daktari anayeelewa uzamiaji. Mwite faraghani, maana kijana anayeona haya mbele ya wenzake atakuficha. Majini, napokea anayeogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 bila kifaa, kiwango ambacho hata kozi za kawaida za wanaoanza hukitaka.

Cheti chako, mwalimu, ni cha kuzamia, si cha kufundisha kuzamia. Mashirika ya kimataifa ya uzamiaji kama CMAS, lililoanzishwa mwaka 1959, na PADI, la mwaka 1966, hutenganisha ngazi hizo mbili kwa sababu nzuri, basi usiguse mitungi na wanafunzi mpaka uwe na hicho cha pili au uwe na mkufunzi mwenye nacho ndani ya maji pamoja nawe. Mitungi ikaguliwe ndani kila mwaka, ilazwe chini isipotumika, na ijazwe mahali ambapo moshi wa injini haufiki kwenye mdomo wa kompresa, mashine inayoijaza hewa, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu.

Weka oksijeni ya huduma ya kwanza pembeni ya bwawa, pamoja na mtu aliyefunzwa kuitumia. Mwanafunzi akitoka majini akalalamika maumivu ya kifua, sauti ikabadilika, akalegea upande mmoja au akachanganyikiwa, mlaze, mpe oksijeni, ita gari la wagonjwa. Juu ya boksi letu la oksijeni tumebandika karatasi yenye sentensi moja ambayo anayepiga simu lazima aisome kwa sauti: "Alikuwa akipumua hewa ya mtungi chini ya maji." Daktari asiyeambiwa hivyo, akisikia kwamba bwawa lilikuwa na kina cha mita mbili, anaweza kumtibu kama mtu aliyezimia tu.