Jibu: Mieleka ya Japani inaniboa, natazama vibaya?

Kaka, nimekuelewa. Umezoea WWE, mieleka ya Marekani, ukaweka pambano la Okada na Kenny Omega la Januari 4, 2017, Tokyo Dome, dakika 46 na ushee, ukaona hakuna hadithi, watu wanavutana tu.

Usisubiri maneno, hadithi iko mwilini. Mtazame Okada: akishamkamata mtu kifundo cha mkono haachii hata wakianguka wote, maana hapo ndipo inapotokea Rainmaker, lile pigo la mkono shingoni. Omega naye ana One-Winged Angel, pigo lake la kumaliza pambano, na siku ile hakufanikiwa kulipiga. Sasa tazama marudiano ya Juni 11 mwaka uleule, Osaka. Analipiga, ila mguu wa Okada uko kwenye kamba, na ukigusa kamba mwamuzi anaacha kuhesabu! Dakika 60, sare. Usipoanza na la kwanza, mguu ule hautakuambia kitu. Mkanda wa ubingwa Omega aliuchukua kwa Okada Juni 2018.

Dakika kumi za mwanzo, kusema kweli, mimi huzitazama huku nakula.

Ila msijaribu nyumbani. Aprili 2017 Katsuyori Shibata alimpiga Okada kichwa kwa kichwa, damu ikavujia ndani ya fuvu lake mwenyewe, akafanyiwa upasuaji. Mtu akigongwa kichwa akaanza kutapika au kusinzia, mkimbizeni hospitali.