Mnaoanza uuguzi, vitamini msizikariri kwa jedwali

Wengi mkiingia mwaka wa kwanza mnakariri: A macho, B neva, C fizi, D mifupa. Mtihani mtafaulu. Lakini mama akikuuliza kliniki kwa nini mwanawe apewe matone ya vitamini A Juni kisha asubiri hadi Desemba, jedwali halina jibu.

Anzeni kwa kuuliza vitamini inakaa wapi mwilini. A, D, E na K huyeyuka katika mafuta. Vitamini A hulimbikizwa kwenye ini na kutolewa kidogo kidogo, kwa hiyo kapsuli moja humsogeza mtoto miezi kadhaa: ya bluu yenye yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, nyekundu ya 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Lakini kinacholimbikizwa kinaweza pia kuzidi kikadhuru, basi soma kadi ya mtoto kabla hujashika mkasi wa kukatia kapsuli. Mjamzito hapewi dozi kubwa namna hiyo. Inaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Suala la mafuta liko hata jikoni. Mchicha, karoti na viazi lishe vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila bila mafuta kidogo utumbo hufyonza sehemu ndogo tu. Ukimwambia mama ampe mtoto mboga za majani, mwambie na kijiko cha mafuta.

Za kundi B na C huyeyuka katika maji, na nyingi zikizidi hutoka na mkojo. B12 ndiyo mkaidi: ini huweka akiba yake kwa miaka.

Kisha ulizeni inafanya kazi gani. Wagonjwa wataomba "vitamini za kuongeza nguvu". Vitamini haina kalori hata moja. B1, kwa mfano, husaidia vimeng'enya kuvunja sukari ili seli ipate nishati. Asiye na upungufu hapati nguvu mpya kwa kumeza zaidi. Semeni hivyo kwa upole, maana mtu keshatoa hela yake dukani.

Mahali nilipoona somo hili likikaa vizuri kichwani ni kwenye dawa za TB. Isoniazid, mojawapo ya dawa hizo, hujishika na vitamini B6, ikaupunguzia mwili uwezo wa kuitumia na kuifanya itoke zaidi kwa mkojo. Neva zinaihitaji B6. Ikipungua, mgonjwa huanza kusikia ganzi, kuchomwachomwa, nyayo kuwaka moto usiku. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, wenye VVU, wenye kisukari, walevi na wenye utapiamlo. Ndiyo sababu ya kile kidonge cha pairidoksini, yaani B6, kinachoandamana na dawa zake. Wengine hukiacha wakisema "si dawa, ni vitamini tu". Usimkaripie. Muulize kwanza kuhusu nyayo zake, ndipo umweleze kidonge kinafanya nini.