PSP 3000 ikizima inakataa gemu za ISO

Habari ndugu. Unasema PSP 3000 (kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony) uliyonunua hapo Kampala ilikuwa inacheza ISO, yaani mafaili ya nakala za gemu, vizuri, umeme ukapotea, betri ikaisha, sasa gemu zote zimegoma. Haijafa hiyo! Kwenye 3000, PRO-C (mfumo uliorekebishwa unaoiwezesha PSP kucheza ISO) inakaa kwenye RAM tu, kumbukumbu ya muda, PSP ikizima kabisa inatoka. Cheki kwanza System Information, ukikuta namba ya toleo la mfumo 6.61 tupu bila neno PRO basi shida ni hiyo, ingia Game ufungue Fast Recovery inayoirudisha PRO, skrini itakuwa nyeusi kidogo halafu inarudi na gemu zako. Mimi yangu naisukuma swichi ya kuzimia kidogo tu ilale, siishikilii ikazima kabisa. Ukitaka PRO ikae daima hata ukizima, weka Infinity, programu ya kuidumisha, ila chaji betri ijae kwanza, ikizimika katikati ya kuandika flashi (kumbukumbu ya ndani ya PSP) unaweza kuiua kabisa.